Acheni kuwaita vijana wazembe kwa barua pepe wasizoziona

Lubumbashi. Kuna neno limekuwa wimbo midomoni mwa wakubwa wa ofisi: "Vijana wa leo hawafungui barua pepe zao." Kijana wa Katuba ametuma CV kwenye kampuni ya madini ya Kolwezi au ya Likasi, amengoja wiki sita, na siku anapopata mega za kufungua sanduku lake anakuta barua inayomwita kwenye mtihani wa kazi uliofanyika juzi. Akienda kuuliza, anajibiwa kwa ukali: tulikuandikia, wewe ulikuwa wapi? Neno hilo ni la uonevu, na wanaolisema wanajua vizuri namna watu wa mji huu wanavyoishi na intaneti.

Tuseme mambo yalivyo. Hapa kwetu mtu hanunui intaneti ya mwezi, ananunua mega za siku, na zingine za usiku kwa sababu ni rahisi zaidi. Anawasha konekisyo nusu saa, anajibu meseji za WhatsApp, anazima. Ukifungua sanduku la Gmail kwenye kompyuta ya saiba, ukurasa wenyewe unakula mega kabla hujasoma hata mstari mmoja, na mara nyingi unakuta matangazo tu. Anayefanya hivyo mara moja kwa wiki si mvivu, anachunga franka zake. Tena tusisahau wale wenye simu ya vibonye peke yake, ambao barua pepe yao walifunguliwa na ndugu au na mwenye saiba. Hao ni wengi kuliko wanavyodhani watu wa ofisi zenye kiyoyozi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba dawa iko, ni ndogo, haiuzwi, na hakuna anayewafundisha vijana wetu.

Kuna programu inaitwa goimapnotify. Haina madirisha wala picha, inaendeshwa kwa amri zinazoandikwa kwenye terminali, ile skrini nyeusi ambayo wengi wanaiogopa. Kazi yake ni moja: inakaa mlangoni mwa sanduku la barua, na barua mpya ikiingia inaita. Haikuoneshi barua yenyewe. Katika faili yake ya mpangilio unaandika jina la seva, anwani ya sanduku, na mstari unaoitwa onNewMail, ambao unataja amri ya kufanya barua inapofika. Amri hiyo ni juu yako: ipige kengele, ivute barua mpya, au itume SMS.

Tena haiulizi seva kila dakika "kuna kitu?" kama mtoto anayesumbua mama jikoni. Inatumia njia ya IMAP inayoitwa IDLE, iliyoandikwa mwaka 1997. Kompyuta inafungua mstari na seva, inanyamaza, na seva yenyewe ndiyo inasema barua imeingia, kwa maneno machache tu. Kanuni inashauri mstari huo ufunguliwe upya kabla ya dakika 29 kupita, usije ukakatwa. Ndiyo maana inakula mega kidogo sana ukilinganisha na kufungua ukurasa mzima. Na wazo la mlinzi wa sanduku ni la zamani zaidi: mwaka 1980 wanafunzi wa Berkeley, Marekani, walikuwa tayari na programu ndogo ya kutangaza barua mpya, iliyoitwa biff kwa jina la mbwa aliyekuwa akizunguka pale chuoni. Miaka zaidi ya arobaini! Halafu leo tunaambiwa kijana wa Katuba hana njia ya kujua barua yake imefika.

Nasikia jibu: "Aweke tu aplikasyo kwenye simu." Sawa, mwenye simu nzuri na konekisyo inayowaka mchana kutwa aweke, inafanya kazi vizuri. Mimi nasemea wengine.

Kwa hao, kazi ya mlinzi si lazima ifanywe na kila mtu peke yake. Chama cha vijana cha kartie, parokia, au saiba inayojiheshimu inaweza kuwa na kompyuta moja ndogo ya Linux, hata Raspberry Pi, ambayo inakula umeme kidogo na kuvumilia kwa betri umeme unapokatika. Kijana anaenda saiba mara moja, anaingia kwenye mipangilio ya Gmail yake, anatengeneza chujio: barua zenye neno kama convocation au entretien, au zinazotoka kwenye kampuni aliyoiandikia, zipelekwe nakala kwenye sanduku la chama. Gmail itatuma kwanza namba ya uhakikisho kwenye sanduku hilo, mhusika wa chama atampa, basi. Hapo goimapnotify inalinda sanduku moja kwa niaba ya wote. Barua ikiingia, script inavuta barua, inaangalia ni ya nani, na kupitia programu nyingine ya bure inayoitwa Gammu na modemu ya USB yenye kadi SIM, inatuma SMS: "Una barua kutoka kampuni fulani, kaifungue." Simu ya vibonye inalia, na kijana anajua leo ndiyo siku ya kutumia zile franka.

Kuna wanaouliza habari ya siri, na wana haki. Ndiyo sababu nimesema chujio, sikusema neno la siri. Kijana asimpe mtu yeyote neno lake la siri, hata padri. Chama kinaona zile barua chache tu alizochagua mwenyewe, na siku asipotaka tena anafuta chujio. SMS nayo isibebe maneno ya barua, maana simu moja nyumbani hushikwa na watu watano.

Sasa niwageukie wenye santa za informatiki. Mnachukua pesa za wazazi, mnafundisha Word, Excel, na namna ya kupamba ukurasa, kisha mnatoa cheti chenye muhuri mkubwa. Kijana anatoka hajawahi kuandika amri hata moja, hajui seva ni nini, hajui IMAP ni nini. Mkiulizwa mnasema terminali ni ya mainjinia. Si kweli. Faili ya mpangilio ya programu hii ni mistari michache, na kuisakinisha kwenye Debian ni amri moja. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita anaijua kwa alasiri moja akiwa na mwalimu anayeijua. Shida, nadhani, ni kwamba walimu wenyewe hawakufundishwa, na hakuna anayependa kulisema hilo mbele ya wanafunzi wanaolipa.

Makampuni makubwa ya huko nje nayo hayatusaidii. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali tena programu kama hizi ziingie kwa neno la siri la kawaida: lazima uwashe uhakiki wa hatua mbili, ndipo upate neno maalum la herufi 16. Microsoft ilifunga njia ya neno la siri kwa Outlook.com mwezi Septemba 2024. Wanasema ni kwa usalama, na kwa sehemu ni kweli. Lakini uhakiki huo mara nyingi unafanywa kwa namba ya simu, na hapa mtu akikaa miezi bila kuweka unite namba yake inakatwa na kupewa mwingine. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na sanduku moja la chama: hatua hizo ngumu zinafanywa mara moja, na mtu mmoja anayezielewa.

Kwa nyinyi wa ofisi za kazi, sina maneno mengi. Kila CV inayofika mezani kwenu ina namba ya simu, karibu na jina. Mnapomwita mtu kwenye mtihani baada ya siku mbili, mtumieni SMS pamoja na barua pepe. Mna watu wa informatiki mnaowalipa kila mwezi. Waulizeni kama wanajua kuunganisha Gammu na orodha ya majina. Wasipojua, kuna vijana hapa Katuba wako tayari kujifunza wiki hii.