Kutoonekana si Kutokuwapo

Yafaa wasomaji wa gazeti letu walifikirie jambo hili. Watu wengi wahesabupo wanyama wa porini huandika "hayupo" mahali palipostahili kuandikwa "hatukumwona." Kosa hili si dogo, kwani msitu ukisha kudhaniwa hauna mnyama wa thamani, ni vigumu kuutetea mbele ya wenye mashoka.

Mtazame kipunji, kima wa mlima Rungwe. Wawindaji wa huko walikuwa na jina lake, lakini wataalamu walimwona mwaka 2003 tu, na mwaka 2004 wakamwona Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Je, kabla ya hapo hakuwapo?

Dawa yake ni hesabu ya uwezekano. Tuseme mnyama yupo, na kila safari tuna nafasi 3 katika 10 za kumwona. Safari moja yaweza kumkosa kwa nafasi 7 katika 10. Kwa safari tatu twazidisha 0.7 kwa 0.7 kwa 0.7, twapata 0.343: theluthi nzima! Kwa safari kumi, nafasi ya kumkosa ni chini ya 3 katika 100.

Labda mtaniuliza, hiyo 3 katika 10 yajulikanaje? Hupatikana kwa kurudi mahali pale pale mara nyingi. Pale alipoonekana leo na kukosekana kesho ndipo tujifunzapo macho yetu hukosa mara ngapi. Mwaka 2002 Darryl MacKenzie na wenzake walieleza njia hii kwa vyura wa Maryland, Marekani. Katika madimbwi yaliyochunguzwa, chura wa aina moja alisikika katika theluthi hivi. Hesabu ikakisia kuwa yumo katika karibu nusu.

Wako watakaosema kwamba kwa njia hii mtu aweza kudai hata simba yumo katika uwanja wetu wa mpira. Sivyo. Hesabu hiyo hiyo ndiyo itupayo haki ya kusema "hayupo," tukisha kwenda mara za kutosha.

Basi nashauri chama chetu cha wanyama, kitakapohesabu ndege wa bondeni muhula ujao, kisiende siku moja tu. Kirudi mara kwa mara, na kila safari iandikwe daftarini, hata ile ambayo hapakuonekana ndege.