Mlango wa Kioo Unaokwama

Nyumba mpya za Masasi na Newala siku hizi huonekana na milango ya kioo yenye fremu za alumini, isiyo na bawaba, ambayo husukumwa kando juu ya reli. Ni milango mizuri, lakini vumbi ni adui yake. Tangu Mei hata Novemba mvua huwa haba, mchanga mwekundu huingia relini ukachanganyika na nywele na makombo, na mlango ukagoma.

Kijana huusukuma kwa bega, mama humimina mafuta ya kula. Mafuta hulainisha siku mbili tatu, kisha hunasa vumbi yakawa utando mgumu. Na kioo kinachosukumwa kwa nguvu chaweza kutoka relini kikamwangukia mtoto.

Yafaa kuanza kwa mswaki mkuukuu. Sugua pembe za reli, pangusa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, ukaushe, kisha pitisha nta ya mshumaa. Ukiwa ungali mzito, tazama ubavuni, karibu na chini: aghalabu mna kitundu chenye skrubu ya kupandisha magurudumu. (Mafundi wengi hawamwonyeshi mwenye nyumba, labda mlango uliokwama ni riziki ya kesho.) Izungushe kidogo kidogo kwa bisibisi, mwenzio akiuinua mlango, hata usikwaruze reli. Gurudumu lililolika halina dawa ila kubadilishwa, na kuutoa mlango ni kazi ya watu wazima wawili, watoto wakiwa uani.