Kudura Isisingiziwe

Yapo maneno ambayo, kila ufikapo msiba mkubwa, hukimbilia vinywani mwa watu kabla machozi hayajakauka, nayo ni haya: ajali haina kinga. Matangani, mbele ya mjane na yatima, sina ugomvi nayo, maana mfiwa hahitaji hoja bali taazia. Lakini yakishatoka matangani yakaingia midomoni mwa wenye dhamana ya vyombo na magati, hugeuka utetezi wa mzembe, na baya zaidi, huwa ni kumzulia Mola.

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere, ambacho uwezo wake ulikuwa watu 101, kilisheheni watu na mizigo yao kikaelekea kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, kikapinduka karibu na gati, nchi kavu ikionekana kwa macho, na waliokufa wakawa 228. Maiti peke yao walizidi maradufu ya watu walioruhusiwa kupanda! Hesabu hiyo haihitaji mnajimu. Na si mara ya kwanza: ziwa lilo hilo liliimeza MV Bukoba mwaka 1996, na bahari ya Nungwi ikaimeza MV Spice Islander I mwaka 2011, zote mbili zikiwa zimejaza kupita kiasi. Ni kalamu ipi ya kudura iliyokata tikiti za ziada?

Wadhanio kuwa kujihadhari ni upungufu wa imani na warejee habari ya Khalifa Umar bin Khattab, ambaye alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akaambiwa kuwa huko mna tauni, aliugeuza msafara wake. Na sahaba Abu Ubaida alipomwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu, alijibu kuwa ndiyo, anaikimbia akiiendea kudura ya Mungu iyo hiyo. Imani ya Umar hakuna aliyeitilia shaka. Hata manahodha wetu wa zamani, waliongojea kusi kwenda Arabuni na kaskazi kurejea, hawakutweka tanga wakati bahari imechafuka ati kwa kuwa ajali imekwisha andikwa. Walivipandisha vyombo pwani, wakavitia kalafati na kuvipaka deheni, wakasubiri. Tawakuli yao ilikuja baada ya kazi.

Nao wenye vyombo wa leo, wepesi wa kutuhubiria kuwa ajali haina kinga, wapo miongoni mwao waliokwisha vikatia bima vyombo vyao. Kumbe kinga ya mali waijua, isiyojulikana ni kinga ya roho za watu. Basi akisimama tena mtu gatini kutusomea habari za kudura, na aulizwe kwanza orodha ya abiria iko wapi, nani aliyeitia sahihi, na maboya ya kujiokolea yalikuwa mangapi.