Hisa za Bangi ya Colorado: Halali ya Jimbo na Halali ya Nyumba

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, wazazi wenye watoto walioko Marekani, na akina mama wa vyama vya akiba, wametuletea swali linalofanana. Kijana anapiga simu kutoka Denver, jimboni Colorado, anamwambia mama yake kwamba bangi huko imehalalishwa, maduka yana leseni, serikali inatoza kodi, na mwenye kuwahi hisa atatajirika. Anaomba achangiwe mtaji. Mama anatatizika, kwa kuwa neno “halali” alilolisikia kwenye simu si lile alilofunzwa chuoni. Tumeona tulipambanue jambo hili kwa dunia yake na kwa dini yake.

Raia wa Colorado waliipigia kura bangi ya starehe Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Mwaka huo mauzo yote, pamoja na ya bangi ya matibabu, yalikuwa kiasi cha dola milioni 683. Mwaka 2021 yalipita dola bilioni 2.2. Hizi ndizo hesabu anazoonyeshwa kijana. Haonyeshwi zilizofuata: mwaka 2023 mauzo yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha dola bilioni 1.5, na bei ya jumla ya ratili moja, iliyokuwa zaidi ya dola 1,300 mwanzoni mwa 2021, ilikuwa chini ya 800. Mashamba yalikuwa yamezidi, na majirani kama New Mexico wakafungua maduka yao. Mzigo uliozidi haukuweza kuuzwa jimbo jingine, kwani sheria ya nchi nzima hairuhusu bangi kuvuka mpaka wa jimbo.

Hapa ndipo penye fundo. Jimbo limeruhusu, lakini serikali kuu ya Washington iliiweka bangi katika daraja kali kabisa la dawa za kulevya kwa sheria ya mwaka 1970. Kwa sababu hiyo benki nyingi kubwa ziliyakwepa maduka hayo, na mengi yakawa yakifanya biashara kwa fedha taslimu. Kubwa zaidi ni kodi. Kifungu cha 280E, kilichopitishwa mwaka 1982, kinamnyima mwenye kuuza dawa za daraja hizo kali haki ya kutoa gharama zake kabla ya kukadiriwa kodi ya mapato, isipokuwa gharama ya bidhaa yenyewe. Tuseme duka limeuza bidhaa za dola 1,000,000, ambazo lilizinunua kwa 600,000. Mishahara, kodi ya nyumba na ulinzi vikala 350,000. Faida ya kweli ni 50,000. Lakini kodi ya asilimia 21 inahesabiwa juu ya 400,000, nayo ni 84,000. Duka lililokuwa na wateja mlangoni limepata hasara ya 34,000. Tangu 2024 Washington wamekuwa katika mchakato wa kuishusha bangi daraja. Lakini mwenye kununua hisa kwa kutegemea mabadiliko hayo amenunua tumaini.

Lipo jambo jingine, na hili twaomba kila mzazi amfikishie mwanawe. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mwombaji uraia aliyejihusisha na bangi, hata kwa ajira katika biashara iliyoruhusiwa na jimbo, aweza kuhesabiwa kuwa hakuthibitisha tabia njema, na ombi lake likakataliwa. Mwezi huohuo Meya wa Denver, Michael Hancock, alijitokeza kuwatetea wahamiaji wawili, wakaazi halali, waliokwama katika safari ya uraia kwa sababu ya kazi zao katika biashara hiyo. Kijana mwenye kibali cha ukaazi tu asiweke fedha wala mkono wake humo kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Kibali hicho huwa kimebeba karo za wadogo zake na matibabu ya wazee huku nyumbani.

Tukija kwenye dini, hukumu haikuanzia Colorado. Hashishi, inayotokana na mmea huohuo, waliijua wanavyuoni wa kale. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliiharamisha kwa maneno makali, na Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliitungia risala nzima. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) aliwataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Mnywaji ni mmoja wao tu. Wamo pia mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Mwenye hisa, hata kama hajawahi kuinusa bangi, anakula thamani yake.

Wengine husema: sisi hatuuzi, tunamiliki jengo na kupokea kodi. Zipo kampuni za namna hiyo katika soko la hisa la New York, zinazokodisha maghala kwa wakulima wa bangi. Lakini ghala lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na mwenyewe akajua, ni msaada katika dhambi. Wengine hutaja kiwango cha asilimia 5 cha mapato yasiyofaa kinachovumiliwa katika vigezo vya AAOIFI. Kiwango hicho ni cha kampuni ambayo msingi wa biashara yake ni halali. Duka la bangi halimo.

Dawa ni mlango mwingine. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, iliyotolewa katika mmea wa bangi, kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Mgonjwa wa namna hiyo awaulize daktari na sheikh wake. Haja yake haimfungulii mlango muuzaji wa starehe.

Basi mama ajibu nini? Amshukuru mwanawe kwa kuitakia nyumba kheri, kisha amwambie kwa upole kwamba fedha ya chama haitakwenda huko. Aliyekwisha kununua auze, achukue mtaji wake, na faida aitoe kwa masikini kwa nia ya kujisafisha, baada ya kushauriana na wanavyuoni. Na amwombe kijana aitazame akiba yake ya uzeeni kazini, maana mifuko ya hisa huchanganya mengi bila mwenyewe kujua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu ugenini, na aturuzuku sote kilicho safi. Amin.