Pima ganda kwanza, shabaha baadaye

Hapa Wisconsin msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, na hudumu siku tisa. Ukikaribia, wawindaji hawana mazungumzo mengine ila risasi walizojijazia wenyewe. Huku si ajabu: baruti, fataki na vichwa vya risasi vinauzwa dukani, na mtu anajaza maganda yake kwenye meza ya gereji. (Ndugu zangu wa Kenya msithubutu, kutengeneza risasi bila kibali ni jinai.) Mimi ni fundi kerezo, kazi niliyojifunzia Mombasa, na nikisikia watu wanabishania vipimo siwezi kunyamaza.

Ubishi wenyewe ni kuhusu kukata maganda yalingane urefu. Waulize kwa nini wanakata, na wengi watakwambia ni ili bunduki ipige pamoja. Hiyo ndiyo sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba ganda refu kupita kiasi linaweza kumuumiza anayelifyatua.

Ganda ni mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa kawaida sehemu 70 kwa 30. Likifyatuliwa huvimba hadi kugusa kuta za chemba ya bunduki. Kulitumia tena, lazima ulisukume ndani ya dai ya chuma lirudi umbo lake, na shaba inayominywa kiwiliwili haina pa kwenda ila mbele, shingoni. Wakati wa kulichomoa, kile kidude cha kutanulia shingo hulivuta tena kidogo. Basi anayepima kabla ya kulipitisha kwenye dai anajisumbua bure.

Bunduki yangu ni ya .30-06. Hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoikubali risasi hii. Ganda lake halitakiwi kupita inchi 2.494, na ukilikata unalishusha hadi 2.484. Kati ya hapo na hapo ni robo milimita. Likizidi kikomo, mdomo wake unaweza kufika pale chemba inapoanza kuwa nyembamba kuelekea mtutuni. Bolti inayolisukuma chembani ina nguvu. Italisukuma tu, pengine usihisi chochote mkononi. Sasa mdomo umebanwa juu ya kichwa cha risasi, na ukivuta kifyatulio shingo haina nafasi ya kutanuka ikiachie. Baruti inaungua, presha inapanda. Risasi hii, ikiwa sawasawa kabisa, imewekewa kikomo cha pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo gereji hulijaza kama 32, kwa kipimo hichohicho. Na chemba hiyo iko karibu na shavu lako.

Mzee mmoja wa klabu yetu hupenda kusema, "Miaka yote hii sijakata hata moja, na nipo." Nilipomdadisi, kumbe anajaza zaidi risasi za bastola, zenye ganda lililonyooka lisilo na bega. Hizo hazirefuki sana. Uzoefu wake ni wa kweli, ila si wa bunduki.

Wapenda shabaha nao wana haki mahali pamoja. Ukiwa unabana mdomo wa ganda kwenye mfereji wa kichwa cha risasi, urefu lazima ulingane, kwa sababu dai hubana kwa kimo kilekile: refu litafinywa mno, fupi halitaguswa. Lakini kwa asiyebana, ganda la 2.486 na la 2.484 kulungu aliye mita mia hatayatofautisha. Nawaona watu wakinunua mashine za bei ya kutisha kufukuza hizo sehemu mbili za elfu moja ya inchi, kisha hawana dakika ya kusafisha mdomo. Ukishakata, mdomo unabaki na makali. Upitishe kidole utaona. Yaondoe ndani na nje kwa kisu chake cha duara, mizunguko michache tu, bila kuupeleka mdomo hadi ukawa wembe. Ukiyaacha, yatakwangua kichwa cha risasi kinapoingia, na nyuzi nyembamba za shaba utazikuta mezani.

Na kuna jambo ambalo hata wanaokata kwa bidii hulisahau. Shaba iliyokwenda shingoni imetoka mahali, na sehemu kubwa imetoka kiwiliwilini, ambako ukuta unazidi kuwa mwembamba. Tazama nje, juu kidogo ya kitako: ukiona mstari unaong'aa umelizunguka ganda, chukua waya, upinde ncha, uiburute ndani ya ukuta. Ncha ikikwama kwenye bonde, ganda hilo limekaribia kukatika vipande viwili. Hakuna kisu kitakacholiponya. Liponde kwa koleo, mtu mwingine asije akaliokota na kulijaza.

Kwa hiyo, jamaa zangu wa huku mnaojaza risasi msimu huu: pitisheni kila ganda kwenye dai, kisha mlipime kwa kalipa, kila mara, hata lile mlilopima mwaka jana. Lililopita kikomo chake (2.494 kwa .30-06) likatwe siku hiyohiyo. Lenye mstari liende kwenye chuma chakavu.