Kuhara kwa Wiki Mbili si Jambo la Kuzoea

Miongoni mwa maradhi ambayo wananchi wetu wamezoea kuyavumilia ni kuhara. Tumbo likichafuka leo, mtu husema litatulia kesho. Lisipotulia, hulaumiwa maembe, maji ya safarini au chakula cha arusini. Mara nyingi mtu huyo hakosei, kwani kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Lakini kuna kuhara kusikokoma, nako kumewekewa mpaka ulio wazi: kukitimiza siku 14 mfululizo, wakati wa kungojea umekwisha.

Sisi tulio jeshini hatuna ruhusa ya kulidharau tumbo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walipoteza maisha yao, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kupita waliouawa kwa risasi. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa maradhi hayo. Unga wa mahindi usioiva vyema, waliolishwa watu waliozoea vyakula vingine, ulizidi kuyadhoofisha matumbo yao. Ndiyo sababu hata leo kambi haihesabiwi kuwa kambi mpaka vyoo vichimbwe na maji ya kunywa yatengwe.

Nchi yetu ya Uganda ina funzo lake la karibu zaidi. Mwaka 1985 madaktari walitangaza katika jarida la tiba la Uingereza habari za ugonjwa mpya huko Rakai, uliowakondesha watu na kuwaharisha kwa majuma mengi. Wananchi waliuita Silimu. Wako waliodhani ni uchawi, wakauza mali kuwalipa waganga. Kumbe ulikuwa ni UKIMWI. Siku hizi dawa za kuvidhibiti virusi vyake zipo, na anayezianza mapema huweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi na kulea watoto wake. Kwa hiyo mtu mzima anayeharisha kupita wiki mbili asione haya kupimwa damu. Kipimo hicho si hukumu. Ni mlango wa tiba.

Hata hivyo, si kila kuhara kusikokoma ni UKIMWI. Wako vijidudu vya jiadia na amiba, wanaoingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Yuko pia kriptosporidiamu, ambaye dawa ya klorini ya kutibu maji haimwui kwa urahisi, ila maji yakichemka hafi mwingine akabaki yeye. Kifua kikuu nacho huweza kushika utumbo. Tena zipo dawa zenyewe: mtu akimeza viuavijasumu ovyo, huwaua vijidudu wema wa tumboni na kuwapisha waharibifu.

Kwa watoto, chanzo kikubwa ni utapiamlo. Utumbo ulioumia haunyonyi chakula. Mtoto asiyepata chakula hukosa nguvu za kuuponya utumbo. Na kabla hajapona, maradhi mengine humkuta. Hapo ndipo desturi moja mbaya inapoongeza msiba, nayo ni kumnyima mtoto chakula na maji ati tumbo lipumzike. Tumbo halipumziki kwa njaa, bali huzidi kudhoofika.

Njia ya kupona inajulikana, wala haina gharama kubwa. Kwanza ni kurudisha maji na chumvi zinazopotea. Pakiti ya dawa ya unga ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pili, mtoto apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kila siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Tatu, anyonyeshwe bila kukatizwa, na aliyekwisha kuanza kula apewe chakula laini mara nyingi, kidogo kidogo. Maziwa ya ng'ombe yakimsumbua, maziwa ya mgando humfaa zaidi. Kuhara kukikoma, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili angalau, ili arudishe uzito alioupoteza.

Pamoja na hayo, yako ambayo hayafai kutibiwa nyumbani. Kinyesi chenye damu, macho yaliyozama, homa kali, au mtoto anayeshindwa kunywa: hizi ni dalili za kwenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni siku ya kwanza. Na dawa za kufunga choo zisipewe watoto kamwe, wala mtu mzima anayehara damu.

Tunatoa wito kwa kila mwenye nyumba kufanya jambo moja lililo rahisi. Siku kuhara kunapoanza, tarehe iandikwe kwenye kalenda au ukutani kwa mkaa. Mgonjwa husahau, na majirani hukisia, lakini tarehe haibishaniwi. Ikifika siku ya 14, mgonjwa apelekwe kituoni, choo chake kipimwe, naye apewe dawa inayolingana na kilichoonekana. Wahudumu wa afya wa vijiji nao, wapitapo nyumba kwa nyumba, waulize swali hili: je, yumo humu anayeharisha, na tangu lini?

Vyoo vichimbwe mbali na visima, mikono ioshwe kwa sabuni, na maji yachemshwe. Hayo tunayajua sote tangu shule ya msingi. Lililobaki ni kuyatenda, na kuacha kuyaita mazoea yale ambayo ni maradhi.