Chumvi Isiyopita Jikoni

Katika kliniki nyingi za shinikizo la damu, ushauri kuhusu chumvi hutolewa kwa maneno mawili tu: "Punguza chumvi." Mgonjwa huitikia, hupokea dawa zake za mwezi na kuondoka. Nje ya geti, akiwa na njaa kwa kuwa alitoka nyumbani alfajiri na foleni ilikuwa ndefu, hununua mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi na pilipili, au bakuli la supu na chapati mbili. Hakukusudia kuukaidi ushauri. Aliuelewa kuwa unahusu chungu cha nyumbani kwake, na hakuna aliyemweleza vinginevyo.

Ushauri usiotaja vyakula kwa majina yake haujakamilika, na vinavyosahaulika zaidi ni vitafunwa na milo midogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu. Kiasi hicho hakifiki kijiko kimoja cha chai, nacho kinajumuisha chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya korosho za pakiti na ya kachumbari. Sodiamu inapozidi, mwili huhifadhi maji. Ujazo wa damu huongezeka na shinikizo hupanda. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika, maji hayo hujikusanya miguuni na mapafuni. Hivyo mgonjwa aliyemeza dawa zake kila siku anaweza kurudi wodini akihema, kisha akaulizwa kwa ukali kama kweli alizimeza.

Chumvi ya mboga hugawanywa kwa familia nzima. Ya kitafunwa huliwa na mtu mmoja, tena bila kuhesabiwa, kwa sababu wengi hawakioni kitafunwa kuwa ni chakula. Haba na haba hujaza kibaba. Ichukuliwe, kwa mfano, pakiti ya krispi yenye gramu 50, ambayo lebo yake inaonyesha miligramu 800 za sodiamu katika kila gramu 100. Aliyeimaliza amekula miligramu 400 za sodiamu. Zikizidishwa kwa 2.5 hupatikana gramu 1 ya chumvi, yaani moja ya tano ya kiwango cha siku nzima, na chakula cha mchana bado. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, chakula huhesabiwa kuwa na sodiamu kidogo kikiwa na miligramu zisizozidi 120 katika gramu 100. Namba hiyo moja ingetosha kuandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Tena ulimi si shahidi wa kutegemewa. Mkate hauonji chumvi, lakini umetiwa chumvi. Magadi yanayowekwa kwenye makande au maharage ili yaive upesi yana sodiamu, ingawa hakuna anayeyaita chumvi. Chumvi ya mawe na ile ya rangi ya waridi, zinazosifiwa kuwa salama, nazo ni chumvi tu.

Wapo wanaosema kwamba mtu wa kipato kidogo hana nafasi ya kuchagua, na kwamba chakula kisicho na chumvi hakiliki. Hoja ya kwanza ina ukweli wake: supu iliyokolezwa tangu jikoni haiwezi kuondolewa chumvi na mlaji. Hata hivyo, katika soko hilohilo zinauzwa ndizi mbivu, machungwa, matango, mayai ya kuchemsha, karanga za kuchoma zisizotiwa chumvi, viazi vitamu na magimbi. Muhogo wa kuchoma na mahindi ya kuchoma havina chumvi mpaka muuzaji anapoipaka mwishoni. Kusema "usinitilie chumvi, nipe ndimu na pilipili tu" hakuongezi hata shilingi moja. Anayekula tambi za haraka anaweza kutia nusu tu ya kile kipakiti cha viungo, au asikitie kabisa, kwa kuwa ndicho chenye sehemu kubwa ya chumvi yake.

Kuhusu ladha, ulimi huzoea. Anayepunguza chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hufika mahali ambapo chakula chake cha zamani humkera kwa ukali wake. Katika kipindi hicho, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu husaidia sana.

Tahadhari mbili hazina budi kutolewa. Kwanza, wagonjwa wa figo hawapaswi kupewa orodha hii bila kupimwa. Ndizi, machungwa, viazi vitamu na madafu vina potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Hatari hiyo imo pia katika chumvi mbadala zenye potasiamu, hususan kwa wanaotumia dawa kama enalapril, losartan au spironolactone. Pili, chumvi chache inayobaki jikoni iwe ile yenye madini joto, kwa ajili ya afya ya tezi na ya watoto walio tumboni.

Lawama ya shinikizo lisiloshuka haiwezi kuachiwa mgonjwa peke yake. Mhudumu wa afya anaweza kuongeza swali moja: "Tangu jana asubuhi umekula nini, na umekula wapi?" Jibu lake litamwonyesha mahali chumvi inapoingilia, nao ushauri utakuwa wa mgonjwa yule, si wa kila mtu. Hospitali nazo zina wajibu ulio karibu zaidi. Kantini iliyo ndani ya uzio wake inaweza kupika supu yenye chumvi kidogo na kuweka matunda mbele, na wauzaji wa getini wanaweza kuombwa waweke chumvi pembeni, aitiye anayeitaka. Wagonjwa wanaotoka kliniki ndio wateja wao wa kila siku.